Kifandugu

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka.
Nawaheshimu.
Lakini hakuna aliyewafunga miguu yote miwili
juu ya ubao mmoja, asubuhi ya Jumamosi,
kilimani Auburn, jimbo la Maine,
baridi nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri.

Kwanza alinisukuma. Mgongoni, bila onyo,
aone mguu upi utatangulia.
"Wa kushoto," akasema. "Mwili umejibu kabla yako."
Jina lake Brielle. Miaka kumi na tisa.
Nina soksi zenye umri kumzidi.

Mimi Mwakio, hamsini na mmoja,
mwenye gari la breki mbili: ya mwanafunzi, na yangu.
Ng'ambo ya mto, Lewiston, nimewafundisha udereva
wauguzi wa zamu ya usiku, wakata nyama,
shemasi mmoja aliyefumba macho kila taa ikiwa kijani.
Miaka tisa nimekaa kiti cha kulia,
kiti cha asiyekosea.

Nilianguka kifudifudi. Nilianguka chali.
Nilianguka nimesimama tu, sijaenda popote, nawaza.
Theluji ya huku usidanganywe na picha, si pamba;
ubao ukiipitia hulia
kama nazi kavu kwenye mbuzi,
na nazi yenyewe nilikuwa mimi.

Kuna mfupa uitwao kifandugu.
Nililiandika jina lake kwenye mtihani wa darasa la saba,
nikapata alama moja, nikausahau.
Leo tumetambulishwa upya.

Mtoto wa miaka minne hivi, kamasi zimemgandia mdomoni,
alisimama kando yangu akauliza kama nimekufa.
Nikamwambia bado.
Akaridhika, akateremka zake.

"Shuka kama jani," Brielle akasema.
"Kushoto kidogo, kulia kidogo, usikimbilie chini."
Nikakumbuka majani ya mkaratusi nyuma ya shule, Wundanyi,
yalivyoshuka kwa madaha kama yaliyolipwa.
Nikashuka kama mkaratusi wenyewe.

Ndipo akasema:
"Acha kutazama miguu, haitakukimbia.
Tazama unakotaka kwenda.
Ukiukodolea macho uzio, utaishia kwenye uzio."

Nikanyamaza.
Maneno hayo ni yangu.
Huyauza kwa saa, dola sitini,
kwa Mama Nsimire wa Bukavu, aliyefeli mara nne,
ambaye akiona lori hulitazama lori
na akilitazama huliendea;
nami hukanyaga breki yangu,
kisha hushusha pumzi, kwa sauti,
ili asikie.

Uzio ulikuwa wa wavu, rangi ya chungwa.
Sijawahi kutazama kitu kwa mapenzi vile.
Nikaufuata hadi mwisho, nikaukumbatia.

Brielle hakushusha pumzi.
Alipiga magoti, akanikaza kamba ya buti
iliyokuwa imelegea tangu asubuhi bila mimi kujua.
"Tena," akasema.

Mara ya kumi na tatu, au na nne,
niliuona mti mmoja mbali, msonobari mkavu,
nikamtolea macho yeye peke yake.
Mita ishirini. Labda kumi na nane.
Upepo ukaniingia menoni, nikagundua nimeachama,
nacheka, mzee mzima,
halafu nikafikiri, Lo, ninateleza,
na fikra hiyo ikaniangusha.

Jumatatu niliweka mto kwenye kiti changu.
Mama Nsimire akautazama mto, akanitazama mimi.
"Nimeanguka," nikasema.
"Wapi?"
"Kila mahali."
Alicheka hadi akavua miwani kuifuta,
kisha akawasha gari.

Mtaa wa Lisbon, lori likatokea, la maziwa, jeupe.
Mguu wangu ukaenda kwenye breki,
ukakaa juu yake, haukugusa.
Yeye ndiye aliyekanyaga, kwa nguvu zote za Bukavu,
tukasimama katikati ya njia.

"Tena," nikamwambia.
Nyuma yetu mtu akapiga honi,
kifandugu kikaitikia.